MX-5 nyumbani: shajara ya kuipa saspensheni nafasi ya kucheza

Hali ya gari kabla ya kazi

Gari ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile yenye taa za kufunuka, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989. Injini ni ya lita 1.6, uzito haufiki tani moja, na kila gurudumu linashikiliwa na wishiboni mbili, yaani mikono ya chuma inayoliruhusu kupanda na kushuka, mbele hata nyuma. Ukichungulia chini yake unaona kazi ya wahandisi waliojali tairi ikae vipi barabarani, na mimi nimelipenda gari hili kwa sababu hiyo kuliko kwa sura yake.

Umri umelifikia. Kwenye kona yenye lami laini bado ni tamu, lakini lami ikikunjamana katikati ya kona mkia unarukia pembeni na usukani unapiga mkononi. Nikipita tuta dogo kwa mwendo wa kawaida nasikia kishindo kizito kutoka mbele. Nililipandisha jekini, nikachungulia kwa tochi: bushi, yaani mipira iliyo kwenye maungio ya wishiboni, zimepasuka, shokapu moja ya nyuma imelowa mafuta, na mipira ya kikomo ya mbele, ile inayozuia shokapu isigonge chuma kwa chuma, imesagika nusu.

Wengi wakisema wanaboresha saspensheni ya gari la michezo huwa wanamaanisha kulishusha mpaka madigadi yaguse tairi na kuweka springi ngumu. Sikubaliani nao kabisa. Tairi iliyo hewani haina kona, haina breki, haina kitu. Kazi ya springi na shokapu ni kuirudisha chini upesi, na haziwezi kufanya hivyo zikiwa hazina nafasi ya kucheza, yaani ya kubanwa na kurefuka. Lotus Elan ya mwaka 1962, gari ambalo MX-5 ilichota mengi kwake, ilikuwa na springi laini na nafasi ndefu ya kucheza, na sifa zake za kona zinatajwa mpaka leo. Basi lengo la mradi huu ni hilo: kulipa gari nafasi, kisha kuchagua springi na shokapu zinazoitumia vizuri.

Ijumaa jioni: vipimo vya kuanzia

Kabla ya kufungua bolti hata moja nimepima. Urefu kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, gari likiwa sakafuni pasawa na tairi zikiwa na upepo sawa. Ukipima kutoka sakafuni unapima na tairi pia; ukipima kutoka kwenye habu unapata saspensheni peke yake.

Kisha nikatafuta ile nafasi yenyewe. Shokapu ya mbele, gari likiwa limesimama kwa uzito wake, ilikuwa na milimita 22 tu kabla ya kugusa mpira wa kikomo. Ndiyo maana inagonga kila mara. Gari linaingia konani, upande wa nje unalala, zile milimita 22 zinakwisha kwa kulala tu, halafu bonde dogo linakuja na hakuna kilichobaki cha kulimeza.

Nimenyunyizia bolti zote za chini mafuta ya kulegeza kutu na kuziacha zilale nayo. Magari haya yanajulikana kwa bolti korofi za aina mbili: ile ndefu ya nyuma inayopita chini ya habu, na zile za alaimenti, yaani za kupangia mwelekeo wa magurudumu, kwenye wishiboni za chini, ambazo hushikana na bomba la chuma lililo ndani ya bushi. Rangi nyeupe kidogo juu ya kila bolti ya alaimenti inaonyesha ilikokuwa imekaa, ili baadaye nipate pa kuanzia.

Jumamosi: kufungua

Gari liko juu ya stendi nne. Jeki ya mbele nimeiweka katikati ya krosimemba (boriti ya chuma inayokatiza chini ya injini), ya nyuma chini ya difu (kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma). Kabla ya kuingia chini nimelisukuma kwa nguvu zote kulia na kushoto, na matairi niliyovua nimeyalaza chini ya kingo za bodi. Jeki ni ya kupandishia. Kazi ya kulibeba gari mtu akiwa chini yake ni ya stendi. Sitaki kusikia habari za matofali.

Mbele kumekwenda vizuri. Nati mbili za juu ziko ndani ya boneti, bolti moja iko chini ya shokapu. Bolti ndefu ya wishiboni ya juu ikitoka, habu inashuka na shokapu inapata mlango wa kutokea. Habu nimeifunga kwa waya kwenye bodi ili hozi ya breki isibebe uzito wowote. Hozi ikivutwa inaweza kuchanika ndani bila nje kuonyesha chochote.

Nyuma nati za juu ziko ndani ya buti, nyuma ya kitambaa. Bolti ndefu ya kushoto imetoka kwa mkono. Ya kulia imegoma. Nimeipasha moto kwa tochi ya gesi, nikaisubiri ipoe, nikarudia, nikiizungusha mbele na nyuma robo kwa robo badala ya kuilazimisha upande mmoja. Mdogo wangu alikuwa ameshika bomba refu juu ya racheti, mimi nikigonga mwisho wa bolti kwa nyundo ya shaba. Giza lilipoingia ikaanza kusogea ikipiga kelele, na hatimaye ikatoka ikiwa imepinda. Hiyo hairudi; bolti mpya imeshaagizwa pamoja na nati zake.

Jumapili: uwiano wa gurudumu na springi

Hii ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote, ingawa hakuna kilichofungwa wala kufunguliwa.

Springi haikai juu ya gurudumu. Imekaa ndani zaidi, kwenye wishiboni, kwa hiyo gurudumu likipanda milimita 10 springi inabanwa pungufu ya hapo. Springi zikiwa nje, nimelipandisha habu kwa jeki ndogo milimita 10 kwa milimita 10, na kila hatua nikapima umbali kati ya bolti ya chini ya shokapu na sehemu yake ya juu. Mbele nimepata 0.72, nyuma 0.78.

Uwiano huo unaingia mara mbili, kwa sababu unapunguza mwendo na unapunguza nguvu pia. Kwa hiyo springi ya kilo 5 kwa milimita, yaani inayohitaji kilo 5 kubanwa milimita moja, mbele, inafika kwenye gurudumu ikiwa kama kilo 2.6 tu kwa milimita. Asiyejua hili hununua springi kwa kusoma namba iliyoandikwa juu yake, kisha akashangaa mbele na nyuma haviongei lugha moja.

Namba ninayoitafuta mimi ni mapigo: bodi ingepanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde kama shokapu zisingekuwepo. Magari laini ya familia hukaa karibu na pigo 1 kwa sekunde au kuzidi kidogo. Magari ya mashindano hupita 2 na kuendelea. Kwa gari la barabarani ambalo nataka lifurahie lami mbovu, nimeona 1.7 ni mahali pazuri.

Halafu kuna suala la nyuma. Maurice Olley, mhandisi aliyetoka Rolls-Royce na kwenda General Motors, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba gari hutulia zaidi mapigo ya nyuma yakiwa ya kasi kidogo kuliko ya mbele. Sababu yake inafuatika kwa hesabu ndogo. Magurudumu ya gari hili yameachana milimita 2,265 mbele kwa nyuma. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gurudumu la nyuma linafika kwenye tuta kama sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya la mbele. Mbele kumeshaanza kucheza, nyuma ndiyo kwanza kunaanza. Nyuma kukiwa na kasi zaidi kunaufikia mchezo wa mbele, na bodi inapanda na kushuka kwa pamoja badala ya kunyanyua pua na mkia kwa zamu.

Kwa uzito wa bodi unaobebwa na kila pembe, karibu kilo 227 dereva akiwemo, springi za kilo 5 mbele na kilo 4.5 nyuma zinatoa mapigo 1.68 mbele na 1.73 nyuma. Nimeagiza hizo, kipenyo cha ndani milimita 65, ambacho kina machaguo mengi ya ugumu. Nikitaka kubadilisha baadaye nanunua springi tu, shokapu zinabaki.

Jioni za katikati ya wiki: bushi

Wishiboni zote ziko mezani. Bushi za zamani zimetolewa kwa bolti ndefu nene, washa, soketi kubwa upande mmoja ya kupokea na soketi ndogo upande wa pili ya kusukuma. Ni kazi ya polepole na ya haki: unazungusha nati, bushi inatoka. Mbili zilizong'ang'ania nimezikata kwa ndani kwa blade ya msumeno, kwa uangalifu nisichimbe chuma cha wishiboni yenyewe.

Nimefikiria sana kati ya mpira na poliyurethani. Poliyurethani ni ngumu zaidi na gurudumu linashikwa kwa usahihi, lakini inazunguka juu ya bomba lake, inahitaji grisi yake maalumu, na grisi ikikauka inalia kila ukivuka tuta. Mpira umegandishwa kwenye chuma chake pande zote mbili na unajinyonga wishiboni inapocheza. Hauhitaji kitu kwa miaka mingi. Nimechagua mpira mpya, aina ngumu kidogo kuliko ya kiwandani. Gari hili litaendeshwa kwenye mvua na vumbi, sitaki kurudi chini yake kila msimu kupaka grisi.

Brashi ya waya, rangi ya kuzuia kutu, siku ya kukauka. Boljointi (viungo vya tufe vinavyoruhusu gurudumu kupinda) za chini za mbele mpya. Bolti za alaimenti mpya zote, zimepakwa grisi ya shaba kwenye shina ili anayekuja kuzifungua baada yangu asiteseke.

Jumamosi: shokapu na springi kukutana

Springi zimefika. Shokapu nilizonunua ni za bomba moja zenye gesi, za aina ya koilova, yaani zina uzi wa kurekebisha urefu wa kikombe cha springi. Ndani yake gesi imebanwa kwa shinikizo la zaidi ya ba 20 na imetengwa na mafuta kwa pistoni inayoelea, hivyo mafuta hayatoki povu shokapu ikifanya kazi mfululizo kwenye barabara mbovu. Mfaransa Christian Bourcier de Carbon ndiye aliyeuendeleza mpango huu, na Bilstein wakauingiza kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1957.

Shokapu za zamani zilihitaji kibanio cha springi kufunguliwa. Hapa sina haraka hata kidogo. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mfupa wa uso. Vibanio viwili, kimoja kila upande, vizungushwe kwa zamu, na kichwa cha mtu kisikae juu ya mstari wa springi wakati nati ya juu inatoka.

Sehemu ya juu inayoshikilia shokapu kwenye bodi nimeichukua ya kizazi cha pili cha MX-5, iliyoanza kuuzwa 1998. Inaingia bila kubadilisha chochote kwenye bodi, na inampa shokapu nafasi zaidi juu. Hiki ndicho kipande kidogo chenye faida kubwa kuliko vyote katika mradi. Pamoja na shokapu zenye mwili mfupi, nafasi ya mbele imetoka milimita 22 hadi milimita 48 kwenye shokapu, na ukigawanya kwa 0.72 ni kama milimita 67 kwenye gurudumu. Zamani zilikuwa 31. Na gari limeshuka milimita 15 tu.

Nimehakikisha pia upande wa pili. Gari likisimama, springi ya mbele imebanwa karibu milimita 63. Gurudumu likining'inia kabisa shokapu inarefuka milimita 55. Kwa hiyo springi haiwi huru hata gurudumu likiwa hewani, na hakuna haja ya springi ndogo ya kusaidia.

Kufunga, na jambo moja lisilosamehewa

Vyote vimerudi mahali pake, lakini bolti za bushi zimekazwa kwa mkono tu. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, mpira wa bushi unagandishwa katika hali ile ya kuning'inia. Gari likishuka unakuwa umeshajinyonga, na kila safari unanyongwa zaidi mpaka unachanika. Tena unakuwa kama springi ya ziada ambayo hukuitaka, na vipimo vya urefu vinakudanganya. Nimeshusha gari juu ya mbao nene nne, nikalibonyeza mara kadhaa likae, kisha nikaingia chini na toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, na kitabu cha gari kando, nikakaza kila bolti kwa kiwango chake. Nati za rimu, niutoni mita 88 hadi 118, kwa mkato wa msalaba.

Stabilaiza ya mbele, yaani fimbo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale sana konani, imebadilishwa pia, kutoka unene wa milimita 19 hadi 22. Zinaonekana chache, lakini ugumu wa fimbo inayonyongwa hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wake, kwa hiyo hizo milimita tatu ni karibu asilimia 80 ya ziada. Nimeihitaji kwa sababu springi za nyuma nilizochagua zinausukuma mkia kutaka kutangulia, na stabilaiza ya mbele inarudisha mizani bila kuharibu ule utulivu wa Olley kwenye barabara iliyonyooka. Ya nyuma imebaki ya kiwandani.

Jumapili: uzito wa pembe nne

Mizani miwili ya bafuni, kila mmoja unabeba kilo 150. Gurudumu moja la gari hili linazidi hapo, kwa hiyo nimeweka ubao mnene juu ya mizani yote miwili na gurudumu katikati ya ubao. Namba mbili zinajumlishwa, uzito wa ubao unatolewa. Magurudumu mengine matatu yako juu ya mbao za kimo kile kile. Mifuko ya mchanga ya kilo 75 kwenye kiti cha dereva, upande wa kulia. Viungo vya stabilaiza vimefunguliwa, vinginevyo fimbo inavuta upande mmoja na kuvuruga kila kitu.

Mbele kushoto 266, mbele kulia 258, nyuma kushoto 250, nyuma kulia 281. Jumla 1,055. Ukijumlisha mbele kulia na nyuma kushoto unapata 508, yaani asilimia 48. Gari lilikuwa linasimama zaidi kwenye mshazari mmoja, kama meza yenye mguu mfupi, na gari la namna hiyo linapinda vizuri upande mmoja na kusitasita upande mwingine.

Vikombe vya springi vya mbele kulia na nyuma kushoto nimevipandisha kidogo, vile vingine viwili nimevishusha kiasi hicho hicho, nikalisukuma gari mbele na nyuma ili tairi zitulie, nikapima tena. Mwisho: 256, 268, 260, 271. Mshazari ni 528, nusu kwa nusu. Uzito wa kushoto na kulia haukubadilika na hauwezi kubadilika kwa njia hii. Ni mwili wa dereva na injini ndivyo vinavyoamua huo.

Alaimenti kwa uzi

Chini ya kila gurudumu vigae viwili vyenye grisi katikati, ili tairi iteleze inaporekebishwa. Nyuzi mbili zimevutwa ubavuni mwa gari, kila moja ikiwa umbali sawa kutoka katikati ya habu za mbele pande zote mbili, na vivyo hivyo nyuma. Upana wa mbele na wa nyuma haulingani kwenye gari hili, kwa hiyo uzi haupaswi kupimwa kama kwamba unalingana. Baada ya hapo ni rula: umbali kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, na hadi ukingo wa nyuma.

Kemba, yaani kuinama kwa gurudumu ndani au nje ukilitazama kutoka mbele, nimeipima kwa timazi iliyoning'inizwa kando ya rimu. Kwa rimu hii digrii moja ni tofauti ya milimita 6.6 kati ya juu na chini. Nimeweka milimita 8 mbele, sawa na digrii 1.2 za kuinamia ndani, na milimita 10 nyuma, digrii 1.5. Kasta, yaani mwinamo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hupindia juu yake ukilitazama kutoka ubavuni, nimeivuta sawa pande zote mbili kadiri bolti zilivyoruhusu kemba hiyo ibaki. Tou, yaani magurudumu kuelekea ndani au nje ukiyatazama kutoka juu, mbele ni sifuri. Ya nyuma milimita 1 kila upande kuelekea ndani, maana mkia wa gari fupi namna hii unahitaji kushikwa mtu akipiga breki huku akipinda.

Kila ukigusa kemba, tou inahama. Kwa hiyo mpangilio ni kasta na kemba kwanza, tou mwisho, na nyuma kabla ya mbele.

Barabarani

Kwenye shina la kila shokapu nimefunga kikamba cha plastiki cha kukazia nyaya na kukisukuma hadi kwenye mwili wake. Shokapu ikibanwa inakisukuma juu, na kinabaki pale ilipofika. Hakuna kifaa rahisi kuliko hicho kinachosema ukweli wa namna hii.

Nimepita barabara ile ile yenye kona ndefu na lami iliyokunjamana. Gari linalala kidogo, kisha linakaa hapo. Mikunjo inapita chini yake, nasikia tairi zikifanya kazi, lakini usukani haupigi tena na mkia unabaki nyuma ya pua. Nilipita mara ya pili kwa kasi kidogo zaidi, nikapiga breki palepale lami inapobonyea, na gari likanyooka bila kutafuta njia yake lenyewe. Furaha niliyokuwa nayo pale siwezi kuipunguza kwa maneno ya kiasi.

Vikamba vinasema: mbele zimebaki milimita 11 kabla ya mpira wa kikomo, nyuma 9. Nafasi imetumika karibu yote na haikwisha, na hivyo ndivyo nilivyotaka.

Kilichobaki. Shokapu zina kirekebishi cha kasi ya kurudi baada ya kubanwa. Nyuma inarudi kwa kasi iliyozidi kidogo baada ya tuta refu, nitaikaza hatua moja na kupita tena barabara ile. Bolti zote zikaguliwe kwa toki renchi baada ya kilomita mia chache, bushi mpya zikiwa zimekaa, na urefu upimwe upya kwa sababu springi mpya hulala kidogo. Hozi za breki za mbele zina nyufa ndogo kwenye mpira, hivyo zinaingia kwenye kazi inayofuata pamoja na mafuta mapya ya breki.